Huna mtoto? Watoto wapo

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, kila nikialikwa sherehe ya mtoto wa mtu, narudi nyumbani nalia. Wewe uliwezaje?" Nimemjibu kwa kirefu, na kwa kuwa najua hayuko peke yake, ninyi wengine someni pia.

Mimi sikujaliwa kuzaa. Tulitafuta, tukapimwa, tukatibiwa, hayo nayaruka. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema karibu mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba katika maisha yake. Sawa, tuko wengi. Ila kilio ni cha kila mtu na mto wake.

Aliyenitoa huko ni binti wa mdogo wangu. Hesabu za kugawanya zilimshinda kabisa: anaandika, anafuta, anaandika tena, mpaka karatasi inatoboka. Mwalimu alishamwita mzito. Nikasema Jumamosi aje kwangu. Tukamwaga vifungo vya mashati mezani, tukawa tunagawana sawa kwa sawa, vinavyobaki anatia mfukoni: "Hivi ndiyo baki, mama mkubwa?" Ndiyo hivyo, mwanangu. Mwezi huu kachaguliwa kusomea uhasibu, na simu ya kwanza kanipigia mimi. Kabla ya mama yake! Mniwie radhi, hilo lazima niliseme.

Kuna ndugu aliwahi kunirushia mbele za watu, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Sikumjibu. Bado linaniuma. Lakini zile Jumamosi zote, yeye mzazi wa wengi, alikuwa wapi?

Kwa hiyo, dada yangu, shika mtoto mmoja, kazi moja, siku moja ya wiki. Zawadi peke yake hazijengi kitu. Wazazi wake waombe ruhusa, na walichokataza kimekatazwa. Siku utakayomwambia mtoto "usimwambie mama", umeharibu. Na siku yako usiikose. Narudia, usiikose. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliandika mwaka 1950 kwamba mtu mzima ana haja ya kukiongoza kizazi kinachomfuata, na kwamba kuwa na watoto tu hakuikidhi haja hiyo. Wapo waliozaa na hawajalea, tunawaona.

Sherehe itakayokuliza usiende. Tuma salamu zako, kisha wiki ikianza mpigie mama wa mtoto umuulize ni somo gani linamsumbua.