Maswali ya Wasomaji: Kwenda Ng'ambo Kuwahudumia Wagonjwa kwa Kujitolea

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya binafsi hapa Nairobi, na nimeifanya kazi hii kwa miaka 7. Nimesoma habari za meli ya hospitali inayohudumu Freetown, nchini Sierra Leone, ambako madaktari na wauguzi hujitolea kuwafanyia watu upasuaji bila malipo, na ningependa kwenda kwa miezi 2. Mambo mawili yananizuia. Kwanza, anayejitolea hujilipia nauli, bima na gharama zake nyingine, na rafiki zangu wanasema huo ni utapeli. Pili, mama yangu amekataa katakata. Ananiambia mcheza kwao hutunzwa, na kwamba katika hospitali zetu za umma kuna wagonjwa wanaolala wawili wawili kitandani ilhali mimi nataka kulivuka bara zima nikawauguze wengine. Nifanyeje? – Muuguzi, Kayole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na fedha, kwa kuwa ndilo jambo jepesi zaidi kati ya hayo mawili. Shirika la Mercy Ships, lililoanzishwa mwaka 1978, ndilo lenye meli hiyo unayoizungumzia, Global Mercy, yenye urefu wa mita 174 na vyumba 6 vya upasuaji, ambayo iliwasili Freetown Agosti 2023. Utaratibu wake tangu zamani ni kwamba wanaohudumu melini hujitolea na kubeba baadhi ya gharama zao wenyewe, ili michango ya wafadhili iwaendee wagonjwa. Yapo mashirika yenye utaratibu tofauti. Madaktari Wasio na Mipaka, kwa mfano, shirika lililoanza mwaka 1971 na lenye ofisi hapa Nairobi, huwalipa wahudumu wake mshahara wa wastani na kuwagharimia safari, lakini hutarajia ukae kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kuombwa mchango si dalili ya utapeli. Kinachotofautisha ukweli na uongo ni mpangilio wa mambo: shirika la kweli hukuomba leseni yako, huwapigia simu wadhamini wako, hukufanyia mahojiano, kisha ndipo suala la gharama linapofika mezani. Tapeli huanzia kwenye pesa. Ukiambiwa utume ada ya fomu kwa M-Pesa kwenye nambari ya mtu binafsi, au ukiahidiwa kwamba safari hiyo itakufungulia viza ya Ulaya, usiendelee naye hata kidogo. Na ukiamua kufanya harambee, waeleze wanachama wa chama chako na waumini wenzako kwa uwazi kila shilingi itatumika wapi.

Sasa nije kwa mama yako, ambaye neno lake ni zito na halistahili kujibiwa haraka haraka. Sierra Leone ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1991 hadi 2002, na kabla haijasimama sawasawa ikavamiwa na Ebola mwaka 2014. Ugonjwa huo uliwaua wahudumu wengi wa afya, akiwemo Daktari Sheik Umar Khan, aliyeongoza wodi ya wagonjwa wa Ebola katika hospitali ya Kenema na kufariki Julai mwaka huo huo. Mapema 2015, Wakenya walikuwa miongoni mwa wahudumu wa afya waliotumwa Afrika Magharibi kupitia Umoja wa Afrika, na baadhi yao ni wauguzi ambao mama zao, bila shaka, waliwaambia maneno hayo hayo. Mweleze mama hayo. Mweleze pia kwamba ripoti ya tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2015 ilionyesha kuwa watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji ulio salama na wa bei wanayoimudu, na kwamba wengi wao wako katika nchi kama hizo zetu mbili.

Hata hivyo, katika jambo moja mama yako ana haki, nami sitaki ulipuuze: mgonjwa huhitaji mtu wa kubaki naye. Miaka mingi iliyopita nilisafiri na kikundi cha kujitolea hadi nchi jirani, tukakaa siku 9, na siku ya mwisho tukawafanyia upasuaji watu 6. Asubuhi iliyofuata, mizigo ikiwa tayari garini, muuguzi wa wodi alinifuata akiwa na karatasi mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hawa nyuzi zao zitatolewa lini, na kidonda kikitunga usaha nimpigie nani?" Hakuna aliyekuwa ameandika. Nilikaa kwenye ngazi za wodi ile nikaandika maagizo ya wagonjwa wote 6 kwa mkono huku dereva akipiga honi, na mpaka leo sijui yule mama wa henia aliponaje.

Ndiyo maana nakuomba uulize maswali haya kabla ya kukubali kwenda na shirika lolote: je, limealikwa na wizara ya afya ya nchi hiyo? Hukaa kwa muda gani? Ni nani anayewafuatilia wagonjwa baada ya wageni kuondoka, na wauguzi wenyeji hufundishwa nini? Meli hiyo ina faida ya kutia nanga miezi mingi mahali pamoja, na pia hufundisha wahudumu wa nchi inayoipokea. Shirika lisiloweza kukujibu maswali hayo, hata liwe na picha nzuri kiasi gani za watoto wanaotabasamu, usilipatie muda wako.

Tena usiende ukidhani wewe ndiye mwalimu. Katika safari yangu nyingine tulianza upasuaji wa tumbo na vitambaa 15 vya kufyonza damu. Daktari alipokuwa akijiandaa kufunga, mimi na muuguzi mwenyeji tulihesabu kwa sauti, na tukapata 14. Daktari mgeni alikuwa amechoka na alitaka kuendelea, akisema huenda tulikosea mwanzoni. Yule muuguzi, msichana mdogo kuliko wewe, aliweka mkono wake juu ya sinia ya nyuzi na kusema kwamba hatatoa uzi hadi kitambaa kionekane. Kilikutwa kimejikunja nyuma ya utumbo. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, ile yenye vipengele 19, imebandikwa ukutani katika vyumba vingi vya upasuaji, lakini siku ile aliyeitekeleza ni yule msichana.

Kuhusu matayarisho: sheria ya ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka, kwa hiyo miezi 2 itakulazimu kuomba likizo isiyo na malipo, na kibali chake kiwe kwa maandishi. Hakikisha leseni yako ya Baraza la Wauguzi haitaisha ukiwa huko. Chanjo ya homa ya manjano hutambuliwa kuanzia siku ya 10 baada ya kudungwa, basi usiiache hadi wiki ya safari. Sisi wa Nairobi tunaishi nyanda za juu na miili yetu haijazoea malaria, kwa hiyo tumia dawa za kinga kama daktari atakavyokupangia, hata baada ya kurudi. Ukipata homa ukiwa umesharudi, mwambie daktari papo hapo kwamba umetoka Afrika Magharibi, kwa kuwa huko kuna homa ya Lassa, ugonjwa hatari wa virusi, ambao daktari wa hapa hawezi kuukumbuka kwa urahisi. Na jifunze maneno machache ya Krio, lugha inayozungumzwa na wengi Sierra Leone, kabla hujapanda ndege. Mgonjwa akiamkiwa "Aw di bodi?", yaani "U hali gani?", kabla ya kuchomwa sindano, utaona mabega yake yanavyoshuka.

Nenda, mwanangu, lakini umtembelee mama kwanza, ukae naye jioni nzima, na umweleze ni lini utarudi katika chumba chako cha upasuaji hapa nyumbani.

SWALI: Nasomea udaktari, mwaka wa 2. Kikundi fulani kimeniahidi kwamba nikijiunga na safari yao ya wiki 2 ng'ambo nitapata nafasi ya kushona vidonda na kuzalisha akina mama, mambo ambayo hapa sitaruhusiwa hadi miaka kadhaa. Je, si njia nzuri ya kupata uzoefu? – Mwanafunzi, Parklands

JIBU: Hapana, na naomba unisamehe kwa ukali wangu. Kile usichoruhusiwa kumfanyia mwanamke wa Pumwani huna ruhusa ya kumfanyia mwanamke wa kijiji chochote duniani kwa sababu tu hana mtu wa kumlalamikia. Mama anayejifungua akichanika, ni yeye atakayeishi na kovu hilo, pengine na fistula, yaani tundu la uzazi linalovujisha mkojo au kinyesi, wakati wewe umesharudi darasani na picha kwenye simu. Kikundi kinachokuahidi jambo kama hilo kimekwisha kukuonyesha kinavyowathamini wagonjwa wake. Ukitaka kwenda, tafuta safari ambayo kazi yako itakuwa kubeba maji, kupanga foleni, kuandika majina, kupima joto la mwili chini ya uangalizi, na kutazama. Kutazama kwa makini kutakufunza mengi zaidi ya unavyodhani, na hakuna atakayeumia.

SWALI: Mimi ni fundi wa umeme, sijawahi kugusa hata bomba la sindano. Je, watu kama sisi tuna nafasi katika safari hizi? – Fundi, Kariobangi

JIBU: Mnayo, tena kubwa. Meli ya hospitali huhitaji mafundi wa umeme, mafundi bomba, wapishi, walimu wa watoto wa wahudumu na watu wa ghala, na hospitali za nchi kavu nazo ni hivyo hivyo. Nimewahi kushuhudia umeme ukikatika mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, mashine ya oksijeni ikanyamaza, nasi tukaendelea kumpumulisha kwa mkono kwa dakika 20 hadi kijana mmoja mwenye mikono iliyojaa grisi alipoliwasha jenereta. Hatukumshukuru vya kutosha siku ile. Peleka vyeti vyako vya ufundi, barua za waliokuajiri na pasipoti yenye zaidi ya miezi 6 ya uhai, na katika barua ya maombi utaje miaka yako ya kazi ya jenereta kabla ya kutaja jambo jingine lolote.