Wachangia chembe sahani, njooni kwa zamu

Mgonjwa wa saratani akianza kutoka damu puani katikati ya kemo, grupu la WhatsApp la ukoo linawaka moto. Kesho yake benchi letu limejaa watu wa Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto, wote wanataka kutoa damu siku hiyohiyo. Nia njema kabisa. Ila mimi wa maabara huwaomba nusu yao warudi nyumbani, waje keshokutwa.

Chembe nyekundu hukaa kwenye friji wiki tano, hata sita. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwa kawaida ni siku 5 tu, na kupima Ukimwi, homa ya ini na kaswende kunakula sehemu ya muda huo. Tena friji haziitaki: zikipoa hubadilika umbo, na ini la mgonjwa huziondoa upesi. Tunaziweka kwenye nyuzi joto 20 hadi 24, juu ya mashine inayozitikisa usiku na mchana.

Chembe sahani haina kiini, ila ina mitokondria chache zinazoipa nguvu. Humohumo ndimo kifo chake kinamoanzia. Protini iitwayo Bcl-xL humzuia mwenzake, Bak. Ya kwanza ikiisha, Bak hutoboa utando wa mitokondria na chembe hujiua. Hata mwilini haivuki sana siku 8 hadi 10. Ndani ya mfuko, mtikiso ukisimama kwa muda mrefu, oksijeni inayopenya plastiki haizifikii vizuri. Zinachoma sukari bila oksijeni, asidi ya laktiki inajaa, nazo zinazidi kufa. Umeme ukikatika (na mnaujua umeme wetu), mimi nakimbilia mashine hiyo kwanza.

Kabla ya kuutoa mfuko nauinua kwenye mwanga na kuugeuza polepole. Chembe zilizo hai, bado bapa, humetameta zikizunguka kama moshi mwembamba. Nikiona umefifia tu, siutoi, hata ndugu anune.

Kwa hiyo muulizeni daktari mgonjwa wenu atazihitaji lini, kisha mgawane siku. Njooni asubuhi, maana chembe hizi hutengwa damu ikiwa bado mbichi, haijaingia friji. Aliyemeza aspirini siku mbili tatu zilizopita aseme mapema: dawa hiyo huzilemaza chembe sahani maisha yao yote. Tutampokea vilevile, ila damu yake itakwenda kwa mgonjwa mwenye shida nyingine.