BiPAP ya mzee tubadilishane na CPAP ya shemegi?

Swali, kutoka Wete: Assalaam alaykum dokta. Babaangu ana miaka 68, kavuta sigara toka kijana, wamemchoma damu kwenye kifundo cha mkono wakasema kaboni dayoksaidi imejaa, ni COPD, yale maradhi ya mapafu ya kudumu. Kapewa BiPAP, mashine ya maski ya kusaidia kupumua, alale nayo, imeandikwa S/T, IPAP 16, EPAP 5, pumzi 14 kwa dakika. Haitaki, ati inamsukuma. Shemegi yangu ana CPAP ya kukoroma, laini, haina vishindo. Tubadilishane? Na hiyo AVAPS nnayoiona kwenye menyu ndio bora zaidi?

Waalaykum salaam dada. Msibadilishane. Maski zinafanana lakini maradhi mbali mbali kabisa.

Shemegi yako mapafu yake mazima, tatizo lipo kooni, akilala nyama za koo zinalegea njia inaziba. CPAP inapuliza msukumo mmoja tu, akivuta ule ule akitoa ule ule, koo libaki wazi, kupumua anapumua mwenyewe. Babaako koo halina neno, ila misuli ya kifua imechoka na hewa chafu inabaki ndani. CPAP ni mtu aliyekushikia mlango upepo usiufunge, basi. BiPAP kakushikia mlango na gunia la karafuu kalishika upande wa pili mnabeba pamoja. Kule kubeba kunatoka kwenye tofauti ya zile namba mbili, IPAP msukumo akivuta na EPAP msukumo akitoa: 16 toa 5 inabaki 11, ndio msaada anaoupata kila akivuta. Kwenye CPAP tofauti ni sifuri. Kwa hiyo mkimpa ya shemegi pengine ataipenda kweli, halafu asubuhi anaamka kichwa kinamgonga na mchana kutwa anasinzia, na mtasema uzee.

Hizo herufi sasa. S mashine inamsubiri avute ndio isukume. T haimsubiri mtu, inakwenda kwa saa yake. S/T inamfuata yeye, lakini akichelewa, kwa 14 ni kama sekunde 4 na kitu, inampa pumzi. Kwa mzee anayepunguza kupumua usingizini hiyo ni salama yake.

AVAPS unaitajia ujazo wa hewa unaoutaka, mara nyingi karibu mililita 8 kwa kila kilo, na kilo zenyewe ni za urefu wake sio za kitambi, kisha inapandisha na kushusha msukumo yenyewe usiku kucha. Nzuri kwa wanene wasiopumua vya kutosha usiku, na wale misuli inadhoofika kidogo kidogo. Kwa COPD mimi siikimbilii, na maski ikivuja sana hesabu zake zinaharibika.

Hiyo 16 wala sio kubwa, mara nyingi ndio pa kuanzia. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2017, wagonjwa 116 wa COPD, waliopewa mashine pamoja na oksijeni walikaa muda mrefu zaidi bila kurudi hospitali au kufariki kuliko wa oksijeni peke yake, na msukumo wao ulikuwa kwenye 24. Kwa hiyo tunamzoesha, hatumpunguzii. Mchana akae kitako anasikiliza redio, ashike maski kwa mkono bila kamba, nusu saa, kesho tena. Setingi msiziguse, hizo atapandisha daktari wake.

Tena tazameni vile vitundu vidogo kwenye maski. Nshakwenda nyumba moja nikakuta mjukuu kaviziba kwa selotepu, ati hewa inavuja, maskini alikuwa anamsaidia babu. Pale ndipo pumzi chafu inapotokea nje, ukiziba anaivuta tena ile ile. Umeme ukikatika na mashine haina betri mvueni maski hapo hapo, hata kama kalala.

Ikiwa anatumia na oksijeni msiifungulie mpaka mwisho kwa huruma. Kwa watu kama yeye tunataka oksijeni asilimia 88 mpaka 92 kwenye kile kipimo cha kidole, ikizidi kaboni dayoksaidi inaweza kupanda, na kipimo cha kidole hakikuonyeshi hiyo kaboni dayoksaidi hata kidogo, lazima damu ya kifundo.

Klinik njooni na mashine yenyewe, maski na mpira wake, sio picha za simu.