Skrini ya buluu ya tcpip.sys: usiikimbilie IPv6, chunguza draiva kwanza

Ndugu wa Kisauni, umesema mashine za saiba yako zinaangukia skrini ya buluu kila unapotuma faili kubwa kwenda mashine nyingine, jina linalotokea ni tcpip.sys, na fundi amekwambia uondoe tiki ya IPv6 (aina mpya ya anwani za mtandao, iliyokuja baada ya IPv4). Mimi hutengeneza kompyuta hapa Mwembe Tayari na tatizo hili huletewa sana. IPv6 iache kwanza.

Tcpip.sys ni faili ya Windows yenyewe, inayoshughulikia mawasiliano ya mtandao. Jina lake linakuonyesha mfumo ulipoangukia. Aliyeuangusha mara nyingi ni mwengine. Chini yake kuna draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya mtandao, na katikati antivirasi na VPN hupachika vichujio vyao vya kukagua data inayopita. Mmojawapo akigusa memori wakati asioruhusiwa, Windows hujisimamisha na kuandika DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Ingia C:\Windows\Minidump, ambako Windows huhifadhi kumbukumbu za kila anguko, fungua faili zilizomo kwa BlueScreenView (ni ya bure), kisha tazama jina gani jengine limeandamana na tcpip.sys.

Kwa vile zinaanguka wakati wa kutuma, mimi ningeanza na Large Send Offload. Hapo Windows huikabidhi kadi bonge la data, na kadi ndiyo huikata vipande vya kutoshea mtandaoni. Draiva ikiwa mbovu, kazi hiyo huishinda. Fungua Device Manager, bofya kadi yako mara mbili, nenda Advanced, izime kwa IPv4 na IPv6 zote mbili, halafu tuma faili ileile. Mashine ikitulia, mshukiwa ni draiva: chukua mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta. Zile CD za draiva za kila aina zinazouzwa mitaani, tafadhali ziepuke.

Bado? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, fungua Properties za kadi, usome orodha ya vilivyotikiwa mstari kwa mstari. Nishaona laptopu ambayo antivirasi yake iliondolewa kitambo, lakini kichujio chake kimebaki pale na tiki yake. Ondoa tiki, jaribu, kisha tafuta kifaa cha kampuni hiyo cha kufutia mabaki.

Netsh int ip reset na netsh winsock reset, amri za kurudisha mipangilio ya mtandao mwanzo, ziwe za mwisho. Ile ya kwanza hufuta anwani za IP ulizoziweka kwa mkono, na saiba yenye printa ya pamoja itasimama kazi. Nakili kwanza matokeo ya amri ya ipconfig /all, inayoonyesha anwani hizo.

Kuhusu IPv6, Microsoft wenyewe hawashauri izimwe. Ni kweli ilikuwa na tundu la usalama, lenye nambari CVE-2020-16898, ambalo pakiti moja mbaya ingeweza kuiangusha mashine, lakini lilizibwa Oktoba 2020. Kwa hivyo kama umezima masasisho kuokoa bando, yawashe usiku saiba ikifungwa.

Bandika hapa majina utakayoyakuta kwenye Minidump, pamoja na aina ya kadi na toleo la Windows, tuyaangalie.