Gari la dizeli linachemsha? Uliza kwanza linachemshia wapi

Mtu akiniambia gari lake linachemsha, swali langu la kwanza ni moja: linachemshia wapi? Kwenye foleni ya Mbezi, Dar, jioni, au likipandisha mlima Kitonga, njia ya Iringa? Wengi hushangaa, kwa sababu walitegemea niwatajie kifaa cha kununua. Lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua uanze kushika wapi, na bila hilo utanunua rejeta mpya, pampu ya maji mpya na kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) ya bei mbaya, halafu gari lichemshe vilevile.

Ninayoyasema hapa yanawahusu zaidi wenye Toyota za dizeli za miaka ya 1990, hasa Hilux Surf na Prado zenye injini ya 1KZ, ya lita 3. Ndiyo injini niliyokaa nayo miaka mingi, na ndiyo isiyosamehe. Silinda hedi yake, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu, ni ya aluminiamu, imekalia bloku ya chuma, na ikipata moto uliozidi, hata safari moja, inaweza kupasuka kati ya valvu na valvu. Wenye Land Cruiser ya 1HZ wana nafuu, hedi yao ni ya chuma. Vipimo vyenyewe ni vilevile kwa wote.

Tuanze na foleni. Injini ya dizeli ikiunguruma bila mzigo, gari limesimama, huchoma mafuta kidogo sana, kwa hiyo joto inalotoa ni dogo. Gari linalochemsha likiwa limesimama, na likishaanza kutembea mshale wa joto unashuka, shida yake karibu kila mara ni hewa haipiti kwenye rejeta. Mtuhumiwa ni feni. Kwenye gari hizi mapanga ya feni hayajafungwa moja kwa moja kwenye puli. Katikati kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, ambayo rejeta ikipata moto inakamata na feni inazunguka kwa nguvu. Mafuta hayo yakivuja, feni inabaki kuzunguka kivivu tu. Zima injini, shika panga moja, lizungushe kwa mkono. Likikataa kidogo, vizuri. Likizunguka bure mizunguko kadhaa, klachi imekwisha. Na tumia masikio pia: feni nzima ukiwasha asubuhi hunguruma kidogo kisha hutulia, halafu hunguruma tena injini ikipata moto sana. Kama hujawahi kuisikia ikinguruma kwenye foleni ya mchana wa Dar, itilie shaka. Ila usijaribu kuisimamisha na kitu chochote injini ikiwa inawaka. Nimeona mafundi wakifanya hivyo na mapanga yale yanakata.

Sasa mlima. Ukitoka Ruaha Mbuyuni ukaanza Kitonga, injini inachoma mafuta mengi huku gari likitembea polepole, na hapo ndipo rejeta iliyochoka inaumbuka. Gari linalotulia mjini na kuchemsha mlimani, au kwenye mwendo mkali wa barabara kuu, kagua rejeta. Anza nje, maana ni bure. Kati ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, iliyo mbele yake) na rejeta hujaa vumbi, wadudu na mbegu za majani, na ukisimama mbele ya gari huoni kitu. Mulika tochi kwa juu. Osha kwa maji ya kasi ndogo ukipiga kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka.

Ndani ya rejeta, adui mkubwa hapa kwetu ni maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na watu wanajazia maji hayo miaka nenda rudi. Chumvi inajenga ukoko kwenye mirija myembamba hadi maji yanapita kwenye michache iliyobaki. Baada ya kutembea, zima injini, subiri feni isimame kabisa, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta, au tumia kile kipimajoto cha kulenga kwa mbali. Ukikuta eneo la baridi katikati ya eneo la moto, hapo maji hayapiti. Rejeta ya shaba fundi anaweza kuifungua na kuichokonoa. Ile ya aluminiamu yenye matanki ya plastiki, nunua nyingine.

Kuna ushauri mmoja wa gereji ninaoupinga kwa nguvu zote. "Bosi, thamostati tuitoe tu, kwetu huku joto, hatuihitaji." Thamostati ni kilango kinachojifungua kwa joto kwenye njia ya maji, na ya injini hizi ina sahani mbili. Ikipata moto, ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humohumo bila kufika kwenye rejeta. Gari litaonekana limepoa mjini, kisha litakuumbua mlimani. Kama unaishuku, ipime: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Joto la kuanza kufunguka limegongwa kwenye bati lake, mara nyingi 76 au 82. Isipofunguka, weka mpya, halisi.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa sana. Kazi yake ni kushika presha, na kwenye Toyota nyingi ni kama baa 0.9. Presha hiyo ndiyo inayofanya maji yasichemke hadi karibu nyuzi 120. Kifuniko kikishindwa kushika, maji yanachemka kwenye nyuzi 100 ukiwa Dar, na ukiwa juu Iringa ni kama 95, joto ambalo injini inayopanda mlima inalifikia bila kuwa na ugonjwa wowote. Ni kifaa rahisi kuliko vyote. Kibadilishe kabla hujafungua chochote.

Linalotisha ni hedi, au gasketi inayoziba kati yake na bloku. Hapa usikubali kuambiwa "oili ni safi, hedi ni nzima." Ni kweli kwamba oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa kuna maji humo, lakini ufa wa 1KZ mara nyingi hauigusi oili, unapitisha gesi ya moto kutoka kwenye silinda kwenda kwenye maji. Kipimo ninachokiamini ni cha asubuhi. Gari limelala, injini ya baridi kabisa. Minya mpira wa juu wa rejeta kabla ya kuwasha: ukiukuta bado mgumu toka jana, hiyo ni dalili mbaya. Ukiwa laini, washa, uendelee kuushika. Maji bado ni ya baridi, hayajapata sababu ya kutanuka. Mpira ukikaza ndani ya dakika moja au mbili, inayoukaza ni gesi ya silinda. Thibitisha kwa ile dawa ya bluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta, ambayo hubadilika kuelekea kijani au njano ikikutana na gesi hiyo, kabla hujaruhusu mtu avue hedi.

Usiutegemee mno mshale wa dashibodi. Kwenye Toyota hizi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, kwa hiyo ukiuona umevuka katikati, umechelewa tayari. Na maji yakiisha kabisa, kihisio kinabaki hewani na mshale unaweza kushuka, dereva akafurahi huku hedi inaungua. Funga geji ya pembeni yenye namba, au kengele ya kiwango cha maji. Kwa mwenye 1KZ, hiyo hela ina faida kuliko rimu mpya.

Ukiwa Kitonga na mshale ukaanza kupanda, zima AC, fungua hita hadi mwisho ili nayo itoe joto la injini, shusha gia na upunguze mafuta. Pampu na feni vyote vinazungushwa na injini, hivyo gia ndogo yenye mzunguko wa kutosha inapoza kuliko gia kubwa inayokoroma. Ukisimama na maji bado yamo, iache iungurume taratibu. Kama yamemwagika, zima mara moja. Vijana watakuja na madumu ya maji. Washukuru na uwaombe wasubiri. Kifuniko kikifunguliwa cha moto kinababua uso, na maji ya baridi kwenye hedi ya moto ndiyo yanayoipasua. Subiri hadi mpira wa juu uwe laini na unashikika.

Ukishajaza, pandisha pua ya gari kwenye mwinuko, fungua hita, acha injini iwake kifuniko kikiwa wazi hadi mapovu yaishe. Kwenye gari zenye hita ya nyuma hewa hujificha kwenye yale mabomba marefu chini ya sakafu. Yakague yenyewe pia. Hatutumii hita huku, yanaliwa na kutu kimyakimya, na kijitobo kimoja huko chini kinatosha kumaliza maji yote kabla hujafika Mikumi.