Uliza Sista: Semina ilienda vizuri, posho ikatoka, mbona kifua cha mtoto hakipandi?

Meseji za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wa wodini, sijui mmeambizana. Nimechagua tano, zingine zitasubiri maana ukurasa wenyewe ndo huu huu.

SWALI: Shikamoo sista. Mi ni muuguzi kwenye hospitali ya watoto huku Kanda ya Ziwa. Mwezi wa tatu matroni kanipa barua kwamba mimi ndo msimamizi wa mafunzo ya kuhuisha watoto na ubora wake, yaani kila mtu ajue CPR (kukandamiza kifua na kumpa hewa mtoto aliyezimika) na kila tukio liandikwe. Nikaandaa semina ya siku 3, ukumbi mzuri, chai na sambusa, posho ikatoka, mtihani wa mwisho karibu wote wakafaulu. Miezi miwili baadae mtoto wa miezi 8 kabadilika usiku, wale wale waliopata 90 wakabaki wanaangaliana, ambu (ule mfuko wa kubana hewa) inabanwa huku maski inavuja pembeni, kifua hakipandi. Mtoto tulimpata, Mungu mkubwa, ila mimi toka siku ile usingizi hauji vizuri. Nilikosea wapi? (Sista wa Ziwa)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza lala. Hujakosea peke yako, hilo kosa tumelifanya wote na mimi nimelifanya mara mbili, mara ya pili nikiwa najua kabisa kwamba ni kosa ila hela ya mradi ilikuwa lazima iishe kabla ya mwezi wa sita.

Jirani zenu tu hapo Haydom, Manyara, walilipima hili zamani. Mwaka 2010 waliwafundisha watu wao kwa siku moja ile kozi ya kumsaidia mtoto mchanga apumue, wakawapima tena miezi 7 mbele. Kwenye mdoli wa mazoezi watu walikuwa wamepanda vizuri tu, ila kule chumba cha kuzalishia, kwa watoto wenyewe, utendaji ulikuwa haujabadilika. Soma tena hapo. Mtu anafaulu mdoli alafu kwa mtoto anarudia yale yale ya jana. Wakabadilisha staili, mdoli ukahamia pale pale wodini, mtu anapita anafanya mazoezi ya dakika chache kila wiki, na mara moja kwa mwezi kipindi kifupi cha kukumbushana. Hapo ndo vifo vya siku ya kwanza vikashuka, kutoka kama 11 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mpaka kama 7. Watu wale wale, jengo lile lile.

Kwa hiyo semina yako haikuwa mbaya, ila ilikuwa ni kama kumfundisha mtu baiskeli kwa siku 3 alafu unamwambia asiiguse mpaka mwakani. Mkono unasahau haraka kuliko kichwa, miezi mitatu mpaka sita ujuzi wa CPR unakuwa umeshalegea, tafiti nyingi zinasema hivyo na wewe umeona kwa macho yako.

Mi nafanya hivi. Mdoli unakaa wodini na sio stoo. Kila shifti inapoingia, baada ya kupokezana wagonjwa, watu wawili wanakuja kwa mdoli dakika 5 tu, hamna chai hamna karatasi ya kusaini posho (watanuna wiki ya kwanza, wiki ya tatu wameshazoea). Na usianze na kukandamiza kifua, anza na hewa! Mtu mzima moyo wake mara nyingi unasimama kwa ugonjwa wa moyo wenyewe, mtoto moyo unasimama kwa sababu alikosa hewa kwanza, nimonia, degedege lisilokata, sepsis (maambukizi yaliyosambaa mwilini), kuishiwa maji. Mtoto ukimpa hewa vizuri mapema mara nyingi hata huko kwenye kifua hufiki. Kwa hiyo dakika zako nyingi ziende kwenye maski, saizi inayofunika pua na mdomo bila kupanda machoni, kidole gumba na cha shahada vinafanya C juu ya maski, vitatu vilivyobaki vinashika mfupa wa taya na sio nyama laini ya chini ya kidevu maana hapo unamkaba. Ikivuja usipambane, muite mwenzako, mmoja ashike maski kwa mikono miwili na mwingine abane. Kuna wakubwa wanaona aibu kuomba mkono wa pili, hao ndo uwafanyishe zoezi la watu wawili mbele za watu mpaka liwe kitu cha kawaida.

Kingine kinachowachanganya ni hesabu. Aliyetoka leba amezoea 3 kwa 1, mikandamizo mitatu pumzi moja, ile ni ya kichanga anapozaliwa. Akihamia wodi ya watoto anaifanya kwa mtoto wa miaka 5. Huku mkiwa wawili ni 15 kwa 2, ukiwa peke yako 30 kwa 2, kasi 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kishuke theluthi moja ya unene wake na ukiachie kirudi chote. Na kwa wale watoto wa chini ya mwaka mmoja, ile ya vidole viwili tuliyofundishwa chuoni miongozo ya Marekani ya 2025 imeshaiondoa, zungusha mikono tumia gumba mbili, au kama huwezi tumia kisigino cha mkono mmoja.

Alafu fanya drili ya kushtukiza, ya usiku. Ile ya kwanza niliyofanya mimi nilimfunga mdoli kwenye khanga, nikamlaza kitanda cha mwisho karibu na dirisha, saa 8 usiku nikapiga kelele. Saa mkononi. Sista wa zamu alikuja mbio kweli, sekunde kama 20 kashafika. Ambu ipo. Maski ya saizi 1? Kwenye kabati. Kabati? Limefungwa. Funguo? Kaondoka nayo in-chaji, iko kwenye pochi yake nyumbani kwake. Pumzi ya kwanza yule mdoli aliipata dakika ya 6. Hamna semina duniani ingenionyesha ile funguo. Asubuhi yake fundi alikuja kutoa kitasa na mpaka leo kabati lile halina mlango. Nyie kwenu mna funguo yenu, sijui inaitwaje, ila ipo, katafute.

Na kuhusu neno tu, kama mtatumia "kodi bluu" kuita timu ya dharura, waelezeni watu wote maana yake mpaka walinzi na wahudumu. Kwetu mama mmoja wa usafi alidhani ni TRA wamekuja.

SWALI: Sista habari. Mimi daktari intani. Kila mtoto akibadilika na tukampoteza kinaitishwa kikao, na kile kikao ni cha kutafuta mchawi tu. Mara ya mwisho niliulizwa mbele ya watu 14 kwanini adrenalini (dawa ya kuamsha moyo) ilichelewa. Sasa watu wakiona tukio wanakimbilia kuandika faili vizuri badala ya kumshika mtoto. Hiki ndo mnaita ubora? (Intani, Dar)

JIBU: Hapana daktari, hicho ni baraza la kata.

Pole lakini, na naongea kama mtu aliyewahi kuliendesha baraza hilo hilo, nikiwa na daftari langu. Siku moja nilimuuliza sista mmoja "kwanini hukuita mapema" akalia, na baada ya hapo miezi kama miwili hamna mtu aliyenijazia fomu ya tukio hata moja. Nikaandika kwenye ripoti kwamba matukio yamepungua, nikapongezwa. Nachekea sasa hivi, siku ile sikuona cha kuchekesha.

Kikao kizuri kiwe dakika 10, hapo hapo, kabla shifti haijaisha, wawepo waliokuwepo tu. Kiongozi aanze na yeye mwenyewe, "mimi nilisahau kuomba mtu atunze muda". Maswali yawe ya kitu na sio mtu. Adrenalini ilichelewa, sawa, ilichelewa WAPI? Mimi nikifuatilia nakuta stori ni ile ile, kichupa ni milligramu 1 kwenye mililita 1, lazima uchukue maji ya chumvi uifikishe mililita 10 ndo umpe mtoto mililita 0.1 kwa kila kilo, na pale hamna mtu anayejua kilo za mtoto, kila mtu anapiga hesabu kichwani jasho linamtoka. Dawa yake ni karatasi ukutani, uzito upande huu mililita upande huu, mtoto wa kilo 12 ni 1.2, umemaliza. Na uzito uandikwe kwa maki peni kichwani mwa kitanda siku anapolazwa. Ukimfokea intani ile karatasi haijibandiki yenyewe.

Mwambie bosi wako hivyo, au mpelekee gazeti akasome mwenyewe, usiseme ni wewe uliyeandika.

SWALI: Katibu wa afya anasema hatanipa bajeti mpaka nimwonyeshe kwa namba kwamba programu yetu ya CPR inaokoa watoto. Vifo vya mwezi huu vimepanda kutoka 2 mpaka 4, amenicheka. Nimjibuje? (Mratibu, Kenya border huku)

JIBU: Mwambie 2 na 4 sio takwimu, ni bahati na msimu. Mvua zikianza malaria inapanda hata ungekuwa na mdoli wa dhahabu. Namba ndogo zinaruka ruka, chora mstari wa mwaka mzima ndo uongee.

Wakati unasubiri huo mwaka pima vitu vinavyotokea kila siku. Sekunde toka mtu aite mpaka kifua kipande mara ya kwanza. Adrenalini imeingia dakika ya ngapi (ndani ya 5 ndo tunataka, kwa ule moyo uliosimama ambao kushtuliwa kwa umeme hakuusaidii). CPR ilisimama mara ngapi na kwa muda gani, maana kila kusimama kusizidi sekunde 10. Troli ya dharura imekaguliwa shifti ngapi kati ya zote za mwezi. Na hii naipenda kuliko zote: watoto wangapi waliobadilika walikuwa wameonyesha dalili masaa kadhaa kabla, kupumua haraka, kulegea, mikono ya baridi, na hamna aliyeitwa. Ukiwapata hao mapema hutahitaji hiyo CPR yenyewe. Watu wa 5S (wale wa kupanga kazi na ubora) mlionao hapo waombe wakusaidie chati, wanajua.

Ila usimuahidi miujiza, hapa naomba uniamini. Hospitali ya watoto ya Philadelphia walianza kukaa baada ya kila tukio ICU (wodi ya mahututi) na kuangalia namba za CPR yao wenyewe, ripoti ya 2014 ikaonyesha watoto waliotoka hospitali ubongo ukiwa salama walipanda kutoka 29% mpaka 50%. Dunia ikashangilia. Wakaja kulijaribu jambo kama hilo kwa utafiti mkubwa kwenye ICU 18 za Marekani, watoto zaidi ya 1,100, majibu yakatoka 2022, hamna tofauti! Asilimia 53.8 kwa 52.4. Mimi navyosoma ni kwamba ICU zile zilikuwa zimeshafika juu tayari, na huku kwetu ambako bado tunatafuta funguo za kabati nafasi ya kupanda ni kubwa. Ushahidi wa huku upo pia, ule mradi wa Safer Births kwenye vituo 30 vya mikoa 5 ya Tanzania, karibu uzazi 300,000, uliochapishwa 2025, mazoezi mafupi ya pale pale kazini yalikuwa ndani yake na vifo vya vichanga vya mwanzoni vikashuka kama 40%. Ule ulikuwa na mambo mengi pamoja, vifaa, kufuatilia data, watu maalum wa kusimamia, kwa hiyo usimwambie katibu ni mdoli peke yake.

SWALI: Mimi sio mtu wa hospitali, ni mama. Mwanangu alipobadilika nilitolewa nje nikafungiwa mlango, nikawa nasikia tu sauti. Alipona. Lakini je ni haki kumtoa mama? (Mama wa Tanga)

JIBU: Pole dada yangu, na hongera kwa mtoto. Miongozo ya kimataifa inasema mzazi apewe nafasi ya kubaki akitaka, na kuwe na mtu mmoja wa kukaa nae, kumshika mkono, kumwambia kinachofanyika. Kinachotushinda ni huyo mtu mmoja, usiku tuko wawili kwa vitanda 30 na wote tuko juu ya mtoto. Siku hizi mimi namfundisha hata mhudumu wa wodi hiyo kazi, asimame na mama, asiseme "usilie". Zamani niliwatoa mama wengi nje, nikifunga mlango mwenyewe.

SWALI: Sista, mdoli wa kufundishia ni ghali mno, naweza kununua mwanasesere wa sokoni? (Songea)

JIBU: Kwa kukandamiza kifua mto tu unatosha kuanzia. Ila kwa hewa hapana, lazima kifua kipande mtu akione, wa sokoni hapandi. Ulizia kwa mkoa au kwenye vyuo vya uuguzi, ile midoli ya kichanga ya NeoNatalie ilisambazwa sana na mingine imelala kwenye maboksi. Unaijaza maji, kama lita 2, inakuwa na uzito wa mtoto kabisa, weka ya uvuguvugu mkono uhisi. Alafu jioni umwage na umtundike akauke, wa kwetu aliachwa amejaa Ijumaa mpaka Jumatatu, sasa ana harufu na intani wanampigia CPR wamegeuza uso pembeni.