Rimu za velodromu kwa barabara ya Ahero? Ngoja kwanza

Swali: Fundi habari. Niko Kisumu, nina kilo 84, napiga taimu trayo, yaani mbio za kila mtu peke yake dhidi ya saa, ya kilomita 20 upande wa Ahero. Baiskeli yangu ni ya breki za rimu, tairi la milimita 25. Kuna jamaa ametoka ng'ambo anauza wili za velodromu (uwanja wa mbio za baiskeli), karboni, kina cha rimu milimita 90 mbele na nyuma, za tubula (tairi lililoshonwa na tyubu ndani), bei ananipunguzia sana. Nichukue? Naogopa tu rimu nzito itanivuta.

Jibu: Salama ndugu yangu. Usilipe bado. Hizo wili zinaweza kuwa safi kabisa na bado zisikufae, na wala si uzito unaonisumbua.

Baiskeli ya velodromu haina breki, gia ni moja imefungwa na unapunguza mwendo kwa miguu, sasa aliyetengeneza hiyo rimu hakuwa na haja ya kuacha sehemu ya raba za breki kushika. Ubavu wake ni wa kukata upepo basi. Wewe uko na matatu mbele inasimama bila indiketa, unabana breki, raba inateleza kwa karboni laini, hiyo stori sitaki kuisikia. Halafu habu, kile kitovu cha wili, ya nyuma ya huko ina upana wa milimita 120 na fremu yako ya barabara karibu lazima ni 130. Kuna mtu atakuambia weka washa ujaze hizo 10. Sawa, washa zitajaza nafasi, lakini kaseti, ule mkusanyiko wa gia za nyuma, utaiweka wapi? Na tubula nayo inagundishwa kwa gamu, ukipata pancha Nyamasaria hutoi tyubu ubandike kiraka uendelee, siku yako imeisha.

Sasa uzito. Wewe na baiskeli mnapita kilo 90, gramu 300 za rimu utazisikia pale mwanzo ukitoka mstarini umesimama kwa pedali, ukishashika kasi kwenye tambarare ya Kano hutazikumbuka tena. Kinachokula nguvu ni hewa. Ukiwa kwa 40 kwa saa zaidi ya robo tatu ya nguvu yako inaenda kusukuma hewa, na hiyo hewa haina huruma, ukitaka kuongeza kasi mara mbili inakudai nguvu mara nane. Francesco Moser, mwendesha baiskeli wa Italia, mwaka wa 1984 aliweka rekodi ya kilomita 51.151 kwa saa moja akiwa na wili za sahani, zile zimezibwa zote, na hakuna aliyemwambia ni nzito. Ingawa pia alikuwa Mexico City, mita 2,200 na kitu juu ya bahari, hewa nyepesi. Sisi wa Nakuru kwa 1,850 tunaonja kidogo ya hiyo, nyinyi wa ziwani mko 1,100 na kitu, poleni.

Kwa hivyo rimu ya kina ndio, lakini si 90 mbele. Wili ya nyuma imeshikwa na fremu, upepo ukiipiga ubavuni unasukuma baiskeli nzima, ya mbele imeshikwa na mikono yako, upepo unageuza usukani. Na si upepo wa ziwa peke yake, ule wa mchana angalau unajua unatoka wapi, ukienda Ahero unakusukuma mgongoni ukirudi unaula usoni. Mbaya ni lori la miwa linakupita karibu, kwanza linakusukuma nje halafu linakuvuta ndani, na wewe umelala kwa viwiko mikono iko mbali na breki. Mimi ningekuwekea 50 mbele, nyuma 60 mpaka 80, na rimu iwe na tumbo la mviringo kama herufi U. Zile za zamani zenye ncha kama V zinashtuka vibaya upepo ukibadilika.

Upana watu wanausahau na ndio una pesa yako. Tairi likishajazwa upepo, rimu kwa nje iwe pana kuliko tairi kwa kama asilimia 5. Tairi lako likipima 25 kweli basi tafuta rimu ya 26.5 hivi mpaka 28, tairi likitokeza nje ya rimu kina chote ulicholipia kinapotea bure. Hizo za velodromu nyingi ni nyembamba, zilitengenezewa matairi ya 19 mpaka 23. Chukua klincha, yaani rimu ya tairi la kawaida lenye tyubu, yenye midomo ya kushika tairi, zile zisizo na midomo mwisho wake ni 5 bar, yaani psi 72.5, na kwa kilo zako juu ya tairi la 25 hiyo ni kidogo, utakuwa unagonga rimu kwa kila shimo. Spoki: mbele 20 inatosha, nyuma usikubali chini ya 24, mi ningesema 28 kabisa. Na usisahau ekstensheni ya valvu, kile kipande cha kurefusha mdomo wa tyubu, watu wananunua rimu ya 60 halafu tyubu haijazwi.

Kitu kingine, ukienda dukani usiseme unataka "28" ukanyamaza. Black Mamba, ile baiskeli ya kazi, pia ni 28 na kipenyo cha rimu yake ni milimita 635, yako ya barabara (700C) ni 622, milimita 13 tofauti, nimeona mtu amepigana na tairi asubuhi nzima hapa kwangu.

Kabla ya kununua yoyote fungua breki zako mpaka mwisho upime nafasi kati ya raba. Breki nyingi za zamani hazimezi rimu yenye upana wa milimita 28. Nitumie hicho kipimo na upana wa fremu pale nyuma, picha peke yake hainisaidii.